Nyundo Iliyolala

Konstebo Clavery alikuwa mtu safi, na usafi wake nusura umpeleke mwanamke kitanzini.

"Niliifuta, afande," alisema. Alikuwa amesimama wima mbele ya kituo kidogo cha polisi cha Muleba, saa moja asubuhi, umande bado unadondoka kutoka kwenye bati. "Nilipitisha kitambaa mtutuni mara sita mpaka kikatoka cheupe. Nikaipaka mafuta. Ndipo nikaifunga kwenye gunia na kuipeleka Bukoba."

"Nani alikwambia uifute?"

"Hakuna, afande. Silaha hairudi ghalani ikiwa chafu."

Sajini Yunus Saburi alitaka kumfokea, akashindwa. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote depo, na yeye mwenyewe, aliyekuwa fundi wa silaha wa jeshi la K.A.R. miaka yote ya vita, alikuwa amewaweka ndani askari wengi kwa kurudisha bunduki zenye masizi. Leo masizi hayo ndiyo aliyoyahitaji. Mtutu ungekuwa na masizi, basi bastola ilifyatuliwa. Usingekuwa nayo, basi kuna mtu kasingiziwa. Clavery alikuwa amelifuta jibu kwa kitambaa cheupe.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wepesi huo ndio uliomtia Yunus shaka. Siku nane nyuma, mkulima wa kahawa wa Kamachumu aitwaye Rugambwa alipigwa risasi moja ya kifua akiwa ameketi nyumbani kwake mchana kweupe. Bastola ya Kijerumani, aliyorudi nayo kwa siri kutoka Libya baada ya vita, ilikutwa ndani ya kikapu cha mkewe, Kokuhirwa. Mdogo wa marehemu, Buberwa, aliapa kwamba alikuwa mlangoni na alimwona shemeji yake akifyatua. Kokuhirwa alisema alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Alisikia mlio mmoja, akakimbia, akamkuta mumewe chini na Buberwa amesimama juu yake akipiga yowe kwamba mke kaua.

Inspekta wa Bukoba alikwisha kusaini karatasi. Saa kumi alasiri hiyo hiyo Kokuhirwa angepandishwa meli ya Mwanza kwenda kujibu kesi ya mauaji, na Buberwa angesafiri meli hiyo hiyo kama shahidi. Wakishavuka ziwa, hakuna mtu ambaye angerudi Kamachumu kuuliza chochote.

"Kabla hujaifuta," Yunus alisema, "nyundo ya bastola ilikuwaje? Imesimama au imelala?"

"Imelala, afande. Na kile kitasa cha ubavuni kilikuwa kimeshushwa."

"Risasi?"

"Saba. Nilizimwaga mezani nikazihesabu. Magazini inachukua nane."

"Chemba ilikuwa na risasi au ilikuwa tupu?"

Clavery alitazama buti zake. Jasho lilimtoka puani. "Nilizimwaga zote pamoja, afande. Sikumbuki."

Yunus aliandika maneno hayo yote kwenye daftari, hata lile la kutokukumbuka. Bastola ya namna ile ikishapiga risasi moja hujikoki yenyewe. Nyundo hubaki nyuma, na risasi nyingine hupanda chemba. Hii ilikutwa nyundo imelala na kile kitasa, ambacho ndicho kufuli lake, kimefungwa. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kushika hata gobole angejuaje kitasa cha kuishusha? Lakini alijua Inspekta atajibu nini: konstebo aliifungua vipande vipande, ushahidi wake hauna kichwa wala miguu.

Alipanda Landrova, akamwambia dereva ageuze kurudi Kamachumu. Saa yake ilionyesha saa moja na nusu.

*

Ma Kokuberwa, mama yake marehemu, alikuwa ameketi kizingitini. Mjukuu wake Alistidia, mtoto wa miaka minne, alimlalia mapajani akitafuna kipande cha gonja, ndizi ya kuchoma. Yunus alivua kofia, akachuchumaa na kumwamkia kwa Kihaya, kwani ingawa babu yake alikuja na misafara ya pwani, yeye alizaliwa Bukoba na Kihaya alikinyonya mtaani. Bibi alimsogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Alichukua mbili, akazitia kinywani, akangoja kidogo. Kungoja huko kulimuuma kama jino.

"Ma, siku ile sakafu ilikuwa na nyasi?"

"Nyumba gani isiyo na nyasi, waitu? Kokuhirwa alikuwa ametandika mpya asubuhi ile ile. Nene, za kuzama mguu."

"Ziko wapi sasa?"

"Tulizitoa siku ya nne, sisi wanawake."

"Mlizitandaza migombani?"

Bibi alimtazama kwa huruma, akaona huyu si mtu wa shamba. "Nyasi zenye damu ya mwanangu nizitie migombani, halafu tule ndizi zake? Tulizitupa peke yake, kule ukingoni mwa korongo." Akaongeza, "Na wewe unaulizia nyasi. Mna nini nyie wanaume mwaka huu?"

Yunus aliacha kutafuna. "Nani mwingine aliziulizia?"

"Buberwa. Siku ya tano alinijia na swali hilo hilo. Nikaona aibu, mwanamume kufuata takataka za sakafuni. Nikamwambia tumezichoma, aniache nilie kwa amani."

Yunus alitembea kwa mwendo wa adabu mpaka migomba ilipomficha, kisha akakimbia.

Lundo lilikuwa pale, limeanza kuota ukungu. Alipiga magoti na kuanza kuzichambua nyasi shada kwa shada, akizipitisha vidoleni kisha akizikung'uta juu ya kofia yake. Mahali fulani nyasi zilishikamana kwa damu iliyokauka, na hapo alipunguza pupa. Saa tatu ilipita, ikapita na robo. Dereva alipiga honi mara moja kule barabarani, akaijutia, hakupiga tena. Yunus alianza kuamini kwamba anapoteza wakati wa mtu aliyebakiwa na saa chache.

Saa nne kasoro dakika kumi, kitu kiligonga ndani ya kofia.

Lilikuwa ganda la risasi, shaba iliyofifia. Aligeuza kitako chake kwenye mwanga, akasoma herufi. Zilikuwa za kiwanda cha Wabelgiji. Zile saba za Rugambwa zilikuwa na alama za Kijerumani zote, kwa macho yake mwenyewe alizikagua juzi. Lakini hakushangilia. Kipimo kilikuwa kimoja. Risasi za Wabelgiji zilivuka kutoka Ruanda pamoja na vitenge na tumbaku, na ziliingia bastola ya Kijerumani bila ubishi. Inspekta angesema Rugambwa alinunua moja sokoni, na angekuwa na haki ya kusema hivyo.

Alipopita tena kizingitini, bibi aliuliza, "Umepata ulichokitafuta?"

"Sijui bado, Ma."

"Rugambwa aliuambia ukoo kwamba kibanja hiki, nyumba na shamba, atamwachia huyu." Alimgusa Alistidia kichwani. "Mtoto wa kike. Wakapiga kelele, Buberwa kuliko wote. Wiki mbili tu, akafa." Hakumtazama Yunus. "Kokuhirwa alikuwa mkwe mwema. Lakini Buberwa ndiye mwana niliyebaki naye."

Yunus alimwonea huruma. Aliinamisha kichwa, akaondoka.

*

Daraja moja lilikuwa limemomonyoka kwa mvua, wakalazimika kuzunguka, na walipoingia Bukoba ilikuwa saa nane na nusu. Meli ilikuwa imekwisha kufika. Moshi wake ulionekana kutoka kwenye veranda ya kituo, na kwenye benchi la veranda hiyo hiyo aliketi Kokuhirwa, pingu mikononi, kifurushi cha kaniki miguuni. Yunus alipita mbele yake, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la silaha.

Inspekta Hadley alimfuata ghalani akiwa na saa mkononi. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye haki kwa kadiri ya muda aliokuwa nao, na Kiswahili chake alijifunza kwa wapishi, hivyo kila alichosema kilisikika kama anaagiza chakula.

"Upesi, Sajini. Nini?"

Yunus aliweka bastola mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya Rugambwa, ya Kijerumani. Ya pili ilikuwa ya Kibelgiji, iliyokamatwa mwaka uliopita kwa mlanguzi kwenye kivuko cha mto Kagera. Zote zilikuwa tupu. Alizifungua na kumwonyesha. Kisha akatoa mizani ndogo ya ndoano, aliyoiazima kwa muuza samaki na ambayo bado ilinuka sato.

"Bwana amesoma maelezo ya Buberwa. Anasema mke alivuta triga, bastola ikakaa kimya. Akaikoki kwa kidole gumba, akavuta tena, ikalia."

"Ndiyo. Hiyo maana yake alikusudia. Jaji atapenda sana hiyo."

"Tazama, bwana." Alichukua ya Kibelgiji, nyundo imelala, akavuta triga. Ilicheza chini ya kidole, nyundo isitikisike. "Triga hii ina kazi moja tu, kuiachia nyundo iliyokwisha kuinuliwa. Usipoiinua mwenyewe, unaweza kuvuta mpaka kesho." Aliikoki kwa kidole gumba, akatia ndoano kwenye triga na kuvuta polepole. Mizani ilifika ratili sita. Ka. Nyundo ikaanguka.

Akachukua ya Kijerumani. Nyundo ilikuwa imelala vile vile. Alilifungua kufuli, akatia ndoano, akavuta. Ratili nane. Kumi. Nyundo ilikuwa inainuka yenyewe, bila kuguswa, ikirudi nyuma pole pole. Kumi na tatu. Ka.

"Hii triga yake ina kazi mbili. Inainua, kisha inaachia. Mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, baada ya hapo inakuwa nyepesi kama ile nyingine, kwa sababu kila risasi inaikoki. Lakini hata ule wa kwanza, bwana, unafyatua. Kama mke alivuta bastola hii, alichokisema Buberwa hakikutokea."

Hadley aliinama, akajaribu mwenyewe mara mbili. Hakuwa mjinga. "Kufuli. Pengine ilikuwa imefungwa. Alivuta, kimya. Akafungua."

Yunus alilishusha kufuli. Triga haikufanya kitu. Akaivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba na kuiachia. Haikukaa, ilirudi kulala. "Ikiwa imefungwa, haikokiki. Na Buberwa hakutaja kufuli mahali popote. Nimesoma mara kumi."

"Watu wanakosea, Sajini. Aliogopa, aliona vibaya. Wakili yeyote atasema hivyo."

"Ndiyo, bwana. Lakini mtu aliyeona vibaya hukosea ovyo. Huyu amekosea kwa mpangilio wa bastola nyingine. Nataka aulizwe tena kabla hajajua kwa nini anaulizwa."

"Na akisema hakumbuki?"

"Basi yule mama anapanda meli."

Hadley aliitazama saa. "Dakika ishirini," alisema.

*

Buberwa aliingia amevaa koti jeusi la msiba, kofia mkononi. Alikuwa mtu mpole wa sauti, aliyenyoa vizuri. Yunus alimvutia kiti, akamsomea maelezo yake taratibu, akihisi kila dakika ikimpita mbavuni.

"Umewahi kushika bastola, Ta Buberwa?"

"Sijawahi, Sajini. Hata ya marehemu nilikuwa naisikia tu."

"Uliwahi kufanya kazi Ruanda."

"Miaka miwili, machimboni. Nililinda ghala."

"Kwa silaha?"

"Kwa rungu." Alitabasamu kidogo.

"Vizuri. Nieleze ulichokiona, polepole, Bwana Inspekta apate kuandika. Alipovuta mara ya kwanza, ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua nne."

"Nyundo uliiona?"

"Niliiona. Ilikuwa imelala. Alivuta, ikabaki imelala, haikutikisika hata kidogo. Akashangaa. Ndipo akaiinua kwa kidole gumba, akavuta tena." Akaongeza kwa huzuni, "Alikuwa na nafasi ya kuacha. Hakuacha."

"Una hakika na hilo la kutotikisika? Maana jaji atakuuliza."

"Ninaweza kuapa."

"Tia saini hapa, basi."

Buberwa alitia saini kwa mwandiko mzuri. Yunus aliukausha wino, akairudisha karatasi kwa Hadley. Kama mtu huyu aliwahi kuichezea bastola ya kaka yake hata siku moja, kila kitu kitaishia hapa, na atakuwa amemfundisha shahidi namna ya kujibu Mwanza.

"Sasa tuonyeshe kwa vitendo." Hadley aliifungua bastola ya Kijerumani, akahakikisha ni tupu, akaipitisha juu ya meza. Nyundo imelala, kufuli wazi. "Fanya alivyofanya. Mwanzo mpaka mwisho."

Buberwa aliinuka. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika bastola, aliishika sawasawa, kidole cha shahada kimenyooka ubavuni. Yunus aliliona hilo. Buberwa alielekeza ukutani.

"Akavuta hivi," alisema, na akavuta kwa uvivu, kama anayepita mahali pasipo na kitu, akijiandaa kwa lile la pili.

Triga ilimgomea. Alikunja uso. Aliivuta kwa nguvu, na mbele ya macho yake nyundo ikainuka yenyewe, ikarudi nyuma, ikaanguka.

Ka.

Buberwa aliitazama bastola mkononi mwake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Hii siyo ile," alisema.

"Siyo ile ipi?" Yunus aliuliza. "Iliyokutwa kikapuni ni moja, na ndiyo hiyo. Wewe unaijua nyingine?"

"Nasema pengine mmebadilisha..."

Yunus aliichukua bastola kutoka mkononi mwake, akaiweka mbali. Kisha akatoa ganda la shaba mfukoni na kulisimamisha juu ya meza, katikati yao, bila maelezo yoyote. Buberwa alilitazama. Rangi ilimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa si ya upole.

"Mama alisema walizichoma."

Kalamu ya Hadley ilisimama.

"Walichoma nini?" Yunus aliuliza. "Hapa hakuna aliyetaja kitu cha kuchomwa."

Buberwa aliketi. Kofia ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na hakuiokota. Hadley alimaliza mstari aliokuwa akiuandika, akainuka na kufungua mlango, akamwita konstebo wa zamu alete pingu.

"Bastola ya Kibelgiji iko wapi?" aliuliza.

"Ndani ya mzinga wa nyuki," Buberwa alisema, akitazama meza. "Nyuma ya nyumba yangu. Mzinga wa tatu."

Meli ilipiga honi ya kwanza. Yunus alitoka verandani. Kokuhirwa alikuwa amekwisha kusimama, kifurushi kichwani, akingoja askari wa kumpeleka. Honi ilikuwa imemwita naye ameitika.

"Kaa, mama," Yunus alisema. "Meli inaondoka bila wewe."

"Mpaka ya wiki ijayo?"

"Hapana. Hata hiyo hutapanda."

Hakuketi. Alimwacha Yunus afungue pingu, na mikono yake ikabaki mbele vile vile, imekutana, hata baada ya chuma kuondoka. Mlango ulifunguliwa nyuma yao. Buberwa alitolewa kati ya askari wawili, kichwa wazi, koti lake la msiba limefungwa vifungo vyote. Alipita hatua moja kutoka kwa shemeji yake, asimtazame. Kokuhirwa alimtazama mpaka alipogeuka kona ya mahabusu.

Yunus alitegemea atalia, au atalaani. Alikuwa na haki ya vyote viwili. Lakini Kokuhirwa alikishusha kifurushi chake taratibu, akakiweka kwenye benchi.

"Alistidia yuko kwa nani?"

"Kwa bibi yake."

"Walikuwa wanawe wawili tu," alisema. "Nani atamwambia Ma Kokuberwa?"

Honi ya pili ililia kule gatini. Dereva alikuwa ameegemea Landrova, akila muhogo, akidhani kazi ya siku imekwisha.

"Mimi," Yunus alisema. "Twende, nikurudishe nyumbani."

Magotini pa suruali yake nyasi za Kamachumu zilikuwa bado zimeng'ang'ania. Akainama na kuanza kuzibandua, moja moja, kabla hawajaondoka.